Ploti Iliyo Chini ya Ruiru

Nyumba ninayopanga Ruiru ina ghorofa nne, na kila ghorofa ina vyumba kumi na viwili vilivyotazamana katika ujia mwembamba. Kuta ni za mawe ya machimbo ya Juja, yale ya kijivu yanayokatwa kwa mashine, lakini jirani akipiga chafya usiku ni mimi ninayemwombea afya. Majirani zangu ni sita: wa kushoto, wa kulia, wa mbele, wa nyuma, wa juu na wa chini. Wapangaji wengine wengi sijui hata majina yao. Hata hivyo, yule mama wa chini kabisa, kule mwisho wa ujia, akifungulia mfereji alfajiri aanze kufua, maji kwangu yanapungua nguvu mpaka yanadondoka tone kwa tone. Hajanigusa wala hajanisalimu, na bado amenifikia.

Nilikaa humo miaka miwili kabla ya kutambua kwamba nilikuwa nikiishi ndani ya kazi yangu.

Kazi yenyewe ni ya usiku, baada ya ile inayolipa kodi. Ninaandika programu za kompyuta zinazofuatilia mwendo wa maji ya chini ya ardhi katika eneo pana. Sisemi kisima kimoja; nasema nchi nzima kuanzia miteremko ya Nyandarua hadi nyanda za Athi. Nikiulizwa nafanya nini, nawajibu kwamba najenga ploti, nyumba ya vyumba vya kupanga kama hii ninayokaa. Unaichukua nchi, unaikata miraba, tuseme mita 500 kwa mita 500, kisha unashuka nayo tabaka kwa tabaka hadi kwenye mwamba ambao haupitishi kitu. Kila kipande kinaitwa seli, neno ambalo hapa mjini lina maana nyingine isiyopendwa na mtu. Kila seli ina majirani sita. Haimjui mwingine yeyote duniani. Inauliza maswali mawili tu: maji kwako yamesimama kimo gani, na ukuta huu kati yetu unapitisha kiasi gani? Halafu inafungua daftari: yaliyoingia, yaliyotoka, na tofauti yake ndiyo iliyoongezwa ghalani au iliyochotwa humo. Kazi nzima ni hiyo. Kilichobaki ni kuirudia mara milioni kadhaa, na ndiyo maana tukamwachia asiyechoka.

Swali la ukuta lilijibiwa na Mfaransa, Henry Darcy, mhandisi aliyeupa mji wake wa Dijon maji ya mfereji. Alijaza mchanga ndani ya bomba la chuma lililosimama wima, akapitisha maji, akapima. Majibu akayatia mwaka 1856 katika kitabu kikubwa kuhusu maji ya umma ya Dijon, tena si katika sura kuu bali katika nyongeza kule mwisho, kama mtu anayeacha dhahabu kwenye mfuko wa koti kuukuu. Aligundua kwamba maji yanayopita mchangani huongezeka kadiri tofauti ya vimo inavyoongezeka, na hupungua kadiri tabaka la mchanga linavyokuwa nene. Kanuni yenyewe ni ya mstari mmoja. Mwanafunzi anaweza kuikariri akisubiri matatu ijae.

Lakini iweke kazini uone. Tuseme mwamba unapitisha nusu mita kwa siku pale mteremko ni wa moja kwa moja, yaani mita ya kushuka kwa kila mita ya kwenda. Tuseme kutoka kwenye misitu ya Kinangop hadi Thika kimo cha maji kinashuka mita 1,000 katika kilomita 50, na ndani ya mwamba sehemu moja kwa kumi ndiyo uwazi. Ukikokotoa, tone la maji linatembea sentimita 10 kwa siku. Konokono angelipita huku amelala nusu ya njia. Kwa mwendo huo tone lingetumia zaidi ya miaka 1,300 kufika. Nimechagua tarakimu rahisi makusudi, na mwamba wa kweli una haraka mahali pamoja na uvivu mahali pengine. Ila ukishaipiga hesabu hiyo mara moja kwa mkono wako, hunywi tena maji ya kisima kama ulivyokuwa ukinywa.

Kabla ya kompyuta kupata nguvu ya kutosha, watu walijenga ploti hii kwa umeme. Umeme hupita kwenye waya kwa kanuni inayofanana na ya Darcy kama pacha, kwa hiyo walisuka nyavu za rezista kuwa mwamba, kapasita kuwa ghala, na volti zikawa kimo cha maji. Ukitaka kuona kisima kinavyofyonza jirani zake, unavuta umeme katika fundo moja na kusoma mita kwenye mafundo mengine. Ningetoa pesa kuiona mashine hiyo. Nadhani maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi yangetosha kuijenga kaunti yetu yote ya Kiambu, kama mwenye duka angekuwa na subira.

Kisha wakaja Michael McDonald na Arlen Harbaugh, watumishi wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia jiolojia. Programu yao ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1984, ikachapishwa upya 1988, na dunia ikaizoea kwa jina MODFLOW. Iliandikwa kwa Fortran, lugha ambayo vijana wa leo huicheka kama wanavyocheka suruali pana za baba zao. Mimi siicheki. Wazee wale walifanya mambo mawili ambayo hadi leo ni nadra.

La kwanza, waliigawa programu katika vifurushi. Mto una kifurushi chake, kisima chake, mvua inayonywea ardhini chake, mfereji wa kutoa maji chake. Kila kifurushi kinaandika mistari yake kwenye daftari moja la pamoja na kunyamaza. Asiye na mto habebeshwi mto. Na yeyote, popote, akiwa na jambo ambalo wao hawakulifikiria, anaweza kuandika kifurushi chake na kukichomeka bila kubomoa nyumba. Ndiyo sababu jengo lile halijaporomoka. Limeongezewa vyumba tu, hadi toleo la MODFLOW 6 lililotoka 2017, na bado linagawiwa bure.

La pili ndilo linalonigusa zaidi: walieleza. Kitabu chao cha 1988 kina zaidi ya kurasa 500, na humo kila kipande cha programu kimeelezwa kwanza kwa maneno ya kawaida, kisha kwa mchoro, kisha yakaja yale maandishi ya kompyuta yenyewe, ambayo kamusi huyaita msimbo na sisi vijiweni twaita kodi, jina lilelile la kitu ambacho mwenye nyumba hukidai kila tarehe tano. Nimesoma riwaya zilizoandikwa kwa uangalifu mdogo kuliko kile kitabu. Hakuna mahali wanapomwambia msomaji aamini tu. Siku hizi ziko programu zenye picha za rangi ya samawati inayometameta, unabofya na bonde linazunguka hewani, na wakubwa mezani wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Waulize waliotengeneza, ukuta kati ya seli hizi mbili mmeukadiriaje? Rangi haijibu.

Sasa tushuke chini ya miguu yetu.

Kilichopo chini ya Ruiru na Thika ni volkano juu ya volkano. Lava na majivu vilimwagika kutoka upande wa Bonde la Ufa, vikatambaa kuelekea mashariki, vikapoa. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine ulipita muda mrefu sana: mawe yakaoza yakawa udongo, mito ikachimba njia, maziwa yakajaa matope. Kisha lava nyingine ikaja ikafunika yote. Kwa hiyo huko chini kuna nchi kadhaa za kale zilizozikwa, kila moja na mabonde yake, na ni katika nyuso hizo za kale na matope yale ya maziwa ndimo maji mengi hupita. Chini ya yote upo mwamba mkongwe kuliko volkano zote hizo. Mchimba kisima wa Ruiru, hata kama hajui, anatoboa nyanda moja baada ya nyingine, na maji anayoyapata yanatiririka katika mandhari ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyaona.

Ushahidi wetu ni karatasi za wachimbaji. Karatasi ya namna hiyo inasema: udongo mwekundu, mita kadhaa, jiwe la kijivu laini, jiwe jeusi gumu, maji ya kwanza yalipatikana hapa, yalipanda, yakatulia pale. Mmoja ameandika "jiwe gumu", mwingine kwenye kiwanja cha pili ameandika "trakaiti", na ni jiwe lilelile. Wa tatu aliandika mvua ikinyesha, wino ukasambaa. Kutoka kwenye karatasi hizi mtu anatakiwa achore tabaka zinazoendelea kilomita kumi bila kukatika. Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Inabidi ukae nazo kama mwanamke anavyokaa na ukili, ukijua ni uzi upi unaendelea na upi umeishia hapo.

Halafu kuna suala la mpaka, na hili ni tamu hasa kwa sababu ya mahali petu. Panda matatu Ruiru uelekee Thika. Umeanza na Mto Ruiru. Ukishaipita Juja unavuka Ndarugu. Mito hiyo miwili huishia Athi, na Athi hubadili jina njiani, ikawa Galana, ikawa Sabaki, ikamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Endelea hadi Thika, pale Blue Posts, kwenye maporomoko. Chania na Thika zinakutana hapo, lakini hizo haziendi Malindi. Zinaingia Tana na kufika bahari kule Kipini. Mahali fulani kati ya Ndarugu na Chania, pasipo kibao wala kona, umevuka mgongo wa nchi. Manamba hakukuambia. Tone lililoanguka upande huu wa barabara na ndugu yake aliyeanguka upande wa pili hawataonana mpaka Bahari ya Hindi.

Hayo ni maji ya juu. Maji ya chini yanaufuata mgongo huo? Si lazima. Nchi zilizozikwa zilikuwa na migongo yake, na lava haikuuliza mito ya leo itapita wapi. Mjenzi mvivu huchora ukuta usio na mlango palepale ramani inapoonyesha mgongo, akaenda kulala. Mjenzi mzuri huusogeza mpaka mbali, hadi mahali ambapo hata akiwa amekosea, kosa lake halitaweza kuwafikia watu wa Ruiru ndani ya miaka anayoihesabu. Anajua kwamba atakosea. Kinachomshughulisha ni wapi kosa litakaa lisimdhuru mtu.

Mimi mwenyewe nimekosea vizuri tu. Modeli yangu ya kwanza, yaani ploti yangu ya tarakimu, niliianzisha saa nne usiku, ikanguruma, na saa saba ikatulia. Hilo ndilo neno tunalotumia: hesabu imetulia, maana yake mzunguko mmoja zaidi haubadilishi chochote cha maana. Nikafungua picha. Chini ya Ruiru maji yalikuwa yamepanda yakawa kilima, yametoboa ardhi, yamefunika barabara kuu na mabango yake, na kileleni yalikaribia kimo cha ghorofa yangu ya tatu. Katika programu hizi maji yanayotolewa kisimani huandikwa na alama ya kutoa mbele yake, na mimi niliisahau. Kila pampu ya Ruiru, usiku kucha, ilikuwa ikisukuma maji chini. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu daftari lilikuwa limefungwa sawasawa. Yaliyoingia na yaliyotoka yalilingana hadi lita ya mwisho. Hesabu ilikuwa safi, na nchi ilikuwa imegharikishwa.

Ugumu mwingine ni wa seli zinazokauka. Katika programu za zamani, maji yakishuka chini ya sakafu ya seli, seli ile huzimwa. Imehama. Majirani wakigonga mlango hakuna anayejibu, na hata mvua ikirudi haiwashwi. Mwaka 1991 ulitengenezwa utaratibu wa kuilowesha upya, lakini ukazaa tabia mbaya: seli inalowa, inakauka, inalowa, kila mzunguko, kama mpangaji anayegombana na mkewe, na hesabu haitulii kamwe. Wale wanaojenga modeli za miteremko kama yetu, yenye tabaka nyembamba zilizoinama, waliteseka sana. Dawa nzuri ilikuja miaka mingi baadaye, katika toleo la 2011: badala ya kuzima seli ghafla, acha upitishaji wake upungue kwa ulaini kadiri maji yanavyoisha, mkunjo badala ya ngazi, na utumie mbinu ya Newton kutafuta jibu. Seli haifi tena, inasinzia. Nikiulizwa uzuri wa kazi hii uko wapi, nitaonyesha mkunjo huo. Mtu alikaa na tatizo hadi akatambua kwamba jiwe halikuwahi kuwa na swichi.

Lakini usiku uliokuwa mgumu zaidi kwangu si wa kilima wala wa seli kavu. Ni ule modeli iliponikubalia. Nilikuwa na vimo vya maji kutoka visima kadhaa, nikarekebisha kuta mpaka hesabu na vipimo vikapishana kwa mita chache tu. Nikafurahi. Kisha, kwa udadisi tu, nikapunguza nusu maji yote, mvua inayonywea ardhini na uchotaji wa pampu, na nikapunguza upitishaji wa mwamba nusu. Vimo vyote vikabaki vilevile. Nchi mbili tofauti, moja inapokea maji maradufu ya nyingine, na visima vyangu havikuweza kuzitofautisha! Hiyo ni hisabati, si ajali: kimo kinasikia uwiano kati ya maji na upitishaji tu, hakisikii kila kimoja. Anayepima vimo pekee anaweza kutoa ripoti yenye ujasiri mkubwa juu ya nchi ambayo haipo.

Dawa yake ni kupima maji yanayopita, na mahali pa kuyapima ni mtoni, Februari, wakati mvua imeshasahaulika. Mto unaoendelea kutiririka baada ya wiki nyingi za jua kali unalishwa na ardhi. Kwa hiyo Jumamosi moja nilishuka Ndarugu nikiwa na kamba, fimbo yenye alama, saa, na mfuko wa machungwa. Chungwa ndilo boya bora kuliko yote. Huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo haulibebi. Unalitupa kwenye kamba ya kwanza, upande wa juu wa mto, unahesabu sekunde mpaka lipite kamba ya pili, unapima upana na kina, unazidisha, unapunguza kidogo kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Watoto waliokuwa wakioga walielewa kazi haraka kuliko watu wengi niliowahi kuwaeleza mezani. Machungwa matatu hayakurudi. Tarakimu niliyorudi nayo haikuikubali modeli ile ya mvua kamili wala ile ya nusu.

Haya yote si mchezo wa mtu asiye na usingizi. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na watu 238,858. Ile ya 2019 iliukuta na 490,120. Thika ilikuwa na 251,407. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 juu ya Mto Thika na lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, mabomba yake yanaelekea Nairobi. Sisi tunaokaa njiani, mfereji ukikauka, tuna malori ya maji na visima. Mwaka 2020 Samson Oiro na wenzake walichapisha utafiti wa mfumo mzima wa maji ya chini ya Nairobi, vipimo vya miongo mingi vikiwa vimeunganishwa na modeli ya kompyuta: uchotaji umeongezeka mara kumi tangu katikati ya miaka ya 1970, na chini ya jiji kimo cha maji kimekuwa kikishuka mita 6 hivi kila miaka kumi tangu 1950. Sita ni tarakimu ya katikati. Wako waliopoteza kidogo na wako waliopoteza nyingi. Mwamba haujui kwamba Nairobi imeishia Kahawa na Kiambu imeanza.

Mwenye nyumba wetu, mzee mkarimu isipokuwa tarehe tano, aliwahi kunishika ujiani. "Mwanangu, nasikia wewe unajua maji. Nikichimba hapa nitapata?" Nikamwambia, mzee, kupata utapata. Akasubiri. Nikaongeza kwamba huenda yakawa na floridi ya kuharibu meno ya watoto, ayapeleke maabara kwanza. Akasubiri tena, alishaona kwamba kuna jambo sijalisema. Basi nikamwambia, mzee, wa hapo ng'ambo naye alipata, na wa nyuma yake, na kule kwenye kiwanja cha kanisa. Akasema, "Sasa mimi nife kiu kwa sababu nilichelewa?" Sikuwa na jibu la mwamba kwa swali hilo, na programu yangu haina kifurushi chake.

Walikuja wiki iliyofuata, jioni, lori la mtambo na lori la kompresa nyuma yake. Usiku kucha nyumba ilitetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Majirani zangu wote sita walikuwa macho, nilisikia. Karibu na alfajiri mlio ukabadilika, watu wakapiga kelele chini, na nilipochungulia dirishani tope la kijivu lenye povu lilikuwa likitiririka kuelekea barabarani, na ndani ya tope lile, maji.

Nikawasha kompyuta. Faili ya visima ni orodha tu ya tarakimu: tabaka, mstari, safu, kiasi. Nikashuka hadi mwisho, nikaongeza mstari mmoja, nikahakikisha alama ya kutoa iko mahali pake, nikaianzisha.